Vema Moja Nyekundu

Lilikuwa daftari la kumi na saba katika rundo la arobaini. Swali lilikuwa la alama mbili, la kufungulia zoezi: oksijeni tunayoivuta inaishia wapi? Mwanafunzi alikuwa amejibu kwa mwandiko wa mtu asiye na shaka: "Inaungana na kaboni iliyomo kwenye chakula, kisha tunaitoa kama kaboni dioksidi." Nikaweka vema nyekundu, alama mbili, nikavuta daftari la kumi na nane.

Nilipofika la ishirini na tatu, kalamu ikasimama.

Ilikuwa kama mtu aliyekwisha kutoka nyumbani, akafika njiani, akaanza kujiuliza kama alifunga mlango. Nikarudi kulitafuta daftari lile nikalisoma jibu mara ya pili. Lilisomeka vizuri. Nikiwa na umri wake ningelijibu hivyo hivyo, na kwa kweli ndivyo nilivyojibu. Nikaliacha. Madaftari yakarudi kwa wenyewe na hakuna aliyelalamika.

Aliyebaki na malalamiko ni mimi peke yangu, kwa wiki tatu nzima.

Hesabu iliyokubali upesi mno

Mlinganyo huu kila aliyepita darasa la biolojia ameukariri:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O

Jioni moja niliuandika nyuma ya bahasha nikaanza kuhesabu atomi za oksijeni. Kushoto, molekuli sita za oksijeni ya hewa: atomi kumi na mbili. Kulia, molekuli sita za kaboni dioksidi: atomi kumi na mbili. Zimeingia kumi na mbili, zimetoka kumi na mbili. Hesabu ikinyooka hivyo, nani atajisumbua kuuliza zaidi?

Lakini mlinganyo ni daftari la mapato na matumizi tu. Unakuambia kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka. Haukuambii noti ipi ilitoka mfuko upi.

Basi nikaifuata safari hatua kwa hatua. Glukosi inavunjwa vipande, vipande vinaandaliwa, vinaingia katika mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za kikemia ndani ya seli, na huko njiani kaboni dioksidi inatolewa. Nikapitia kila hatua nikitafuta mahali ambapo oksijeni ya hewa inagusa kaboni. Sikupata hata mahali pamoja. Kila kaboni inayokatwa inaondoka na oksijeni ambazo ilikuwa tayari imeshikana nazo, na hizo zimetoka kwenye glukosi yenyewe na kwenye maji yaliyoongezwa njiani.

Maji. Mlinganyo wa darasani umeyafuta kwa sababu yanatokea pande zote mbili, na hisabati inaruhusu kufuta. Ukiyarudisha unapata hivi:

C6H12O6 + 6O2 + 6H2O → 6CO2 + 12H2O

Sasa hadithi ni nyingine. Atomi kumi na mbili zilizomo kwenye kaboni dioksidi ni sita za glukosi na sita za maji. Zile kumi na mbili za hewa zote zimo kwenye molekuli kumi na mbili za maji, upande wa kulia kabisa.

Oksijeni tunayoivuta inageuka maji.

Nilisema kwa sauti, peke yangu, kuona kama inasikika kama upuuzi. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Kwa siku nzima ni lita 360, ambazo ni karibu nusu kilo ya gesi, na ikigeuka yote kuwa maji tunapata zaidi kidogo ya nusu lita. (Sehemu ya maji hayo hurudi kutumika katika hatua zile zile nilizokuwa nikizipitia, kwa hiyo faida ya mwisho ni ndogo kuliko hapo. Hata hivyo.)

Ningeweza kuishia hapo: mwalimu amekosea, asahihishe, tulale. Lakini nilikwisha kujiuliza swali jingine baya zaidi.

Bahasha isiyoungua

Sikuwahi kuliona hili kuwa la ajabu. Asilimia 21 ya hewa ni gesi ambayo, ukienda kwa hesabu ya nishati peke yake, ingepaswa kutuunguza sote. Karatasi, mbao, nywele, mafuta yaliyo chini ya ngozi, vyote vina nishati ya kuachia vikiungana na oksijeni. Bahasha yangu ililala mezani usiku kucha imezungukwa na oksijeni, na asubuhi niliikuta kama nilivyoiacha.

Kwa nini?

Jibu limo katika namna oksijeni ilivyozipanga elektroni zake. Karibu kila molekuli ya mwilini ina elektroni zilizokaa jozi jozi, moja ikizunguka hivi na mwenzake kinyume chake. Oksijeni ina mbili zisizo na wenza, nazo zote zinazunguka upande mmoja. Hilo linaonekana hata kwa macho: oksijeni iliyopozwa ikawa kimiminika, yenye rangi ya samawati hafifu, ukiimimina katikati ya ncha za sumaku kali, haimwagiki yote. Inang'ang'ania pale kati ya ncha mbili mpaka ichemke iishe.

Kwa hiyo jozi ya elektroni haiwezi kuingia kwenye oksijeni kwa mkupuo. Moja kati ya hizo mbili itakuta nafasi imekaliwa na nyingine inayozunguka kama yeye. Sharti ziingie mojamoja, na molekuli nyingi za uhai hazivunji jozi zake kirahisi. Huo ndio mlango uliofungwa baina yetu na moto. Kibiriti huuvunja.

Vimeng'enya, protini zinazoharakisha mimenyuko ya mwilini, vina ufunguo, na funguo zenyewe si nyingi. Ni madini yanayoweza kutoa elektroni moja kisha nyingine, hasa chuma na shaba. Au ni flavini, molekuli inayotokana na vitamini B2, ambayo nayo inajua kutoa mojamoja. Baada ya kulielewa hili ndipo nilipoacha kushangaa kwa nini karibu kila kimeng'enya cha oksijeni nilichokutana nacho kilikuwa na punje ya madini moyoni. Vipo vichache visivyo na hata kimoja kati ya hivyo, kama kile kinachowasha mwanga wa kimulimuli, lakini nikiwafuata vimulimuli hapa sitarudi.

Taa ya Warburg

Katika miaka ya 1920 huko Ujerumani, mwanabiokemia Otto Warburg alikuwa na hakika kwamba upumuaji wa seli unaendeshwa na chuma. Shida ilikuwa kuthibitisha. Kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimejificha ndani ya seli, kidogo mno, kimeshikamana na utando, na kila aliyejaribu kukitoa alikiharibu.

Basi hakukitoa. Alichukua chachu akaipa kaboni monoksidi, gesi inayopenda kukaa juu ya chuma pale pale ambapo oksijeni ingekaa. Upumuaji wa chachu ukashuka. Kisha akawasha taa.

Ukapanda.

Akazima, ukashuka tena. Mwanga ulikuwa unaibandua kaboni monoksidi kutoka kwenye chuma, na oksijeni inapata nafasi yake. Warburg akabadilisha rangi za mwanga mojamoja, akipima ni rangi ipi inafungua zaidi na ipi haifungui. Mchoro alioupata ulikuwa wa rangi zinazomezwa na kimeng'enya chenyewe, na ulifanana na wa himu, ile pete yenye chuma ambayo pia imo ndani ya himoglobini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kitu ambacho hakuwahi kukiweka kwenye chupa. Ukiniuliza mimi, kati ya yote niliyoyasoma wiki hizo, jaribio hili ndilo ningependa kuwa nimelibuni.

Leo tunakiita sitokromu oksidesi, nacho ndicho kinachotumia sehemu kubwa kabisa ya oksijeni tunayoivuta. Molekuli ya oksijeni inakamatwa katikati ya chuma na shaba, huku elektroni zikiletwa mojamoja kwa upande mwingine. Zinahitajika nne, na protoni nne, ili zitoke molekuli mbili za maji.

Nilichokuwa sijakifikiria ni hatari ya katikati. Ukiipa oksijeni elektroni moja tu unapata superoksidi. Ukiipa mbili, peroksidi ya haidrojeni. Vyote viwili ni vikali, vinakwaruza kila vinachokigusa. Kimeng'enya hiki kinaishikilia oksijeni mpaka imalizike kuwa maji, na hakiiachii ikiwa nusunusu. Sianidi inaua kwa kukaa kwenye kiti hicho hicho: damu inabaki imejaa oksijeni, nyekundu ya kung'aa hata kwenye mishipa inayorudi moyoni, na seli zinakosa hewa katikati ya neema.

Na bado mwili huo huo, ukitaka, huizalisha superoksidi kwa makusudi. Chembe nyeupe za damu zina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuipa oksijeni elektroni moja na kuiachia juu ya bakteria waliomezwa. Watoto wanaozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa na hitilafu huandamwa na maambukizi yasiyokwisha. Kosa katika chumba kimoja ni silaha katika chumba cha pili.

Oksijeni nzito

Kufikia hapo nilikuwa nimeshajiridhisha: oksijeni ni mpokeaji wa elektroni, inasimama mwisho wa mstari, inakuwa maji, basi. Nilikuwa tayari hata kuliandika ubaoni.

Ilinifariji kidogo kugundua kwamba wakubwa waliniwahi katika kosa hilo kwa miongo kadhaa. Heinrich Wieland, mpinzani wa Warburg katika mjadala mrefu, alishikilia kwamba kiini cha uoksidishaji wa kibiolojia ni kuondoa haidrojeni. Oksijeni ni mmoja tu kati ya wanaoweza kuipokea. Wazo hilo lilieleza mambo mengi sana kiasi kwamba likageuka imani. Dutu ikionekana imeongezewa oksijeni, jibu lilikuwa tayari: imetoka kwenye maji.

Mwaka 1955 maabara mbili nchini Marekani, kila moja kwa njia yake, ziliuliza swali la daftari langu kwa vipimo. Walitumia oksijeni yenye uzito wa 18 badala ya 16 ya kawaida. Kikemia ni ile ile, ila ukipima uzito unaijua, kama noti iliyowekewa alama.

Osamu Hayaishi na wenzake walifanya kazi na kimeng'enya cha bakteria kinachopasua katekoli, molekuli yenye pete ya atomi za kaboni. Pete inafunguka, na katika ncha mbili zilizopasuka zinaonekana oksijeni mbili mpya. Za wapi? Wakaendesha mmenyuko huo mara mbili. Mara ya kwanza gesi ilikuwa na oksijeni nzito na maji yalikuwa ya kawaida. Mara ya pili maji ndiyo yaliyokuwa mazito na gesi ya kawaida. Uzito ulionekana pale tu gesi ilipokuwa nzito. Atomi zote mbili zilitoka hewani na kuingia moja kwa moja kwenye molekuli. Howard Mason naye, akitumia kimeng'enya cha uyoga, cha ukoo ule ule unaofanya tunda lililokatwa liwe kahawia, alikuta atomi moja ya hewa imeingia.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Ina maana kuna vimeng'enya ambavyo oksijeni kwavyo si jalala la elektroni hata kidogo. Ni tofali.

Vingi vya aina hii huchukua atomi moja na kuitoa ya pili kama ada: ya kwanza inaingia kwenye dutu, ya pili inakuwa maji. Ini limejaa hivyo. Ni ukoo wa sitokromu P450, uliopewa jina hilo mwaka 1962 na Omura na Sato, wanasayansi wa Japani, kwa sababu ukiukutanisha na kaboni monoksidi unameza mwanga wa nanomita 450. Binadamu ana jeni 57 za ukoo huu. Chuma chake, kikishaipasua oksijeni, kinabaki kimebeba atomi moja yenye njaa kiasi cha kuweza kung'oa haidrojeni kwenye kaboni ambayo karibu hakuna kitu kingine mwilini kinachoigusa, kisha kinairudisha hapo hapo ikiwa imeungana na oksijeni. Dawa isiyoyeyuka majini inapata mkono wa kushikana na maji, na inaweza kutolewa kwa mkojo.

Njaa hiyo haichagui vizuri kila mara. Parasetamoli nyingi hushughulikiwa kwa njia nyingine, za amani. Sehemu ndogo hupitia P450 na kutoka ikiwa sumu. Kwa dozi ya kawaida ini lina akiba ya glutathioni ya kuizima. Dozi ikizidi sana, akiba inaisha, na kinachoharibika ni ini lile lile lililokuwa likijaribu kusaidia.

Majina yasiyoaminika

Hapa nilidhani nimepata kanuni safi ya kumpa mwanafunzi: oksidesi hutumia oksijeni kupokea elektroni, oksijenesi huiingiza kwenye dutu. Kanuni ni nzuri, lakini macho hayaitoshi. Chukua zanthini oksidesi, kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya uriki, ile inayoganda kwenye viungo vya mwenye jongo. Ukitazama dutu kabla na baada, imeongezewa oksijeni. Utaapa kwamba imetoka hewani. Imetoka kwenye maji. Oksijeni ya hewa ilikuwapo, ikapokea elektroni, ikaondoka ikiwa superoksidi au peroksidi.

Yaani hata ukimwona mtu ametoka nyumbani kwako na mzigo, na nyumbani kuna tajiri na maskini, usiseme unajua ni nani aliyempa.

Utetezi uliokaribia kufaulu

Nilikuwa bado natafuta njia ya kuiokoa ile vema. Nikajiambia: lazima kuna kimeng'enya mahali fulani kinachopokea oksijeni ya hewa na kutoa kaboni dioksidi hapo hapo. Nikikipata, jibu la mwanafunzi litakuwa na mguu wa kusimamia.

Nikakipata, tena katika mahali pazuri. Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kuta za mishipa, ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Ili msokoto ukaze, prolini nyingi ndani yake (prolini ni mojawapo ya vijenzi vya protini) lazima ziongezewe atomi ya oksijeni, na kimeng'enya kinachofanya hivyo kina chuma, kinatumia oksijeni ya hewa, na kinahitaji msaidizi aitwaye alfa-ketoglutareti. Kazi ikiisha, atomi moja ya oksijeni iko kwenye prolini, ya pili iko kwa msaidizi, na msaidizi amekatwa kipande kikatoka kama kaboni dioksidi.

Kaboni dioksidi! Kutoka kwenye kimeng'enya kinachokula oksijeni!

Nikachora atomi zote kwa rangi: nyekundu za hewa, buluu za zamani. Nikafuata mkato. Kipande kinachotoka ni kaboni ya mwisho wa msaidizi ikiwa na oksijeni zake mbili za buluu. Nyekundu inabaki nyuma, pale palipokatwa. Hata hapa, ambapo oksijeni inaingia na kaboni dioksidi inatoka katika tundu moja la kimeng'enya kimoja, hazikuchanganyika.

Nilicheka. Kisha nikabaki hapo hapo kwenye kolajeni, kwa sababu ina mambo. Chuma cha kimeng'enya hiki mara mojamoja hukosea na kubaki katika hali isiyofanya kazi, na vitamini C ndiyo inayokirudisha. Ikikosekana, chuma kinakwama, msokoto wa kolajeni unalegea, fizi zinatoka damu na makovu ya zamani yanafunguka. Hicho ndicho kiseyeye kilichomaliza mabaharia. Daktari James Lind alipowapa wagonjwa machungwa na malimau ndani ya meli mwaka 1747 wakapona, alikuwa anatengeneza kimeng'enya cha oksijeni bila kujua kwamba kuna oksijeni. Gesi hiyo ilikuwa bado haijatambuliwa.

Na ukoo huo huo una ndugu anayefanya kazi nyingine kabisa. Anaibandika atomi ya oksijeni kwenye protini iitwayo HIF, na protini ikishabandikwa inapelekwa kuharibiwa. Oksijeni ikipungua, haibandikwi, inabaki hai, inakwenda kuwasha jeni za kuukabili upungufu, pamoja na ile inayoamuru chembe nyekundu za damu ziongezwe. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua utaratibu huo.

Ulinganishe na kile cha Warburg. Sitokromu oksidesi inaishika oksijeni kwa nguvu sana, hata ikibaki kidogo mno bado inafanya kazi. Huyu wa HIF anaishika kwa ulegevu, kwa hiyo hewa ikipungua kidogo tu naye anapunguza kasi. Nilikuwa nimezoea kudhani kimeng'enya kinachoshika kwa ulegevu ni dhaifu. Huyu angeshika kwa nguvu asingefaa kitu: angeendelea kubandika huku seli inazimia. Kulegea kwake ndiko kunakomfanya awe kipimo.

Mahali pa kubadilishana

Nilikuwa nimeshakata tamaa na vema yangu nilipokutana na kazi ya Nathan Lifson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ya mwaka 1949. Waliwapa wanyama wa maabara hewa yenye oksijeni nzito, wakaifuata. Ilikwenda kwenye maji ya mwili, kama bahasha yangu ilivyosema. Safi.

Kisha wakapima oksijeni iliyomo kwenye kaboni dioksidi waliyoitoa wanyama hao. Ililingana na ile ya maji ya mwili.

Nilisoma mara tatu.

Kaboni dioksidi ikikutana na maji inaungana nayo kuwa asidi ya kaboniki, kisha inaachana tena. Asidi hiyo ina oksijeni tatu, na inapoachana hakuna anayekumbuka ipi ilikuja na nani. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya cha kuharakisha jambo hilo, kaboniki anhaidresi, na ni kati ya vilivyo na kasi zaidi vinavyojulikana: kinaweza kufikisha mara milioni moja kwa sekunde. Kaboni dioksidi ikisafiri kutoka kwenye misuli mpaka kwenye mapafu, imekwisha kubadilishana oksijeni na maji mara nyingi. Zile atomi za buluu nilizozichora kwa uangalifu zilikuwa zimesambaa mwili mzima kabla sijaweka rangi chini.

Kwa hiyo oksijeni niliyoivuta inakuwa maji, maji yanachanganyika na maji mengine yote niliyo nayo, na baadhi ya atomi zake hutoka puani zikiwa ndani ya kaboni dioksidi. Lifson aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo: ukimpa mnyama maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, oksijeni inapungua haraka kuliko haidrojeni kwa sababu ina njia mbili za kutokea, kwenye maji na kwenye kaboni dioksidi. Tofauti ya kasi hizo inakuambia ametoa kaboni dioksidi kiasi gani, na kutokana nayo unakadiria nishati aliyotumia. Njia hiyo inatumika kwa binadamu hadi leo.

Mwanafunzi wangu alikuwa amepatia mwanzo na mwisho wa safari, na kukosea njia yote ya katikati.

Nilimwomba daftari lake. Alilileta kwa wasiwasi. "Mwalimu, unanipunguzia alama?" Nikamwambia sipunguzi, nataka kuongeza swali. Kando ya ile vema nyekundu nikaandika, "Kupitia wapi?" nikamrudishia.

Kesho yake lilikuwa juu ya meza yangu. Chini ya swali langu palikuwa na neno moja la penseli, limefutwa mara moja na kuandikwa tena: "Damu?"

Bado sijaliwekea alama.